Mgongo wa Msasa

Jumamosi hiyo saluni ilikuwa na watu wanne, mmoja kitini na watatu kwenye benchi wakingoja zamu, na mbwa alikuwa amejilaza kizingitini kama mwenye nyumba. Kila anayeingia ilimbidi amruke. Alikuwa mbwa mdogo, wa kimo cha goti, wa ile aina inayoitwa teria, mbwa waliofugwa tangu zamani kwa kuingia mashimoni na kutoa panya. Masikio yamekunjikia mbele, ndevu zimemzunguka mdomo kama babu wa mtu, na mwili mzima umefunikwa manyoya magumu, makavu, mekundu kama chai iliyokolea. Ukimpapasa unadhani umeshika brashi ya kusugulia sufuria. Ndiyo maana mwenyewe alimwita Msasa.

Mwenyewe ni Fundi Saa, mzee wa duka la pili kutoka hapo, ambaye wiki ya saba sasa alikuwa amelazwa hospitali kwa kuvunjika nyonga. Siku anabebwa kwenye machela hakuuliza habari za duka wala za saa za watu. Alimshika Kinyozi mkono akamwambia, "Msasa nakuachia wewe." Na Kinyozi, ambaye hakuwahi kufuga hata paka, akaitikia.

"Hivi Kinyozi," alisema dereva wa lori kutoka kwenye benchi, "unatukata sisi vizuri hivi, halafu mlangoni umeweka msitu?"

"Achana naye, huyo si wangu."

"Si wako lakini yuko kwako. Mimi ningekuwa mgeni hapa, ningemwona huyo kwanza, ningegeuza."

Fundi mpaka rangi aliyekuwa kitini, povu shavu zima, akacheka mpaka Kinyozi ikabidi aondoe wembe. "Na kesho si ndiyo unampeleka hospitali akaonane na mwenyewe? Watamlaza na yeye! Watasema mgonjwa mwingine huyu, mpeni kitanda."

Benchi zima likaangua kicheko. Kinyozi alikuwa mtu mpole, lakini kila mtu ana mahali pake asipotaka kuguswa, na pake palikuwa kazi yake. Alimtazama mbwa. Ni kweli manyoya yalikuwa yamemtimka. Manyoya yaliyokufa yalikuwa yamesimama huku na huku, yakidondoka sakafuni, yakipeperuka mpaka kwa mkewe Kinyozi, msusi, aliyekuwa na kiti chake upande wa pili wa pazia. Mara tatu wiki ile mkewe alilalamika. "Baba Kadogo, nasuka kichwa cha mtu huku naokota manyoya ya mbwa. Mteja ananiuliza, hii ni rasta au ni nini?"

Shida ni kwamba Fundi Saa alikuwa ameacha maagizo. Si mara moja, mara tatu: pale pale kwenye machela, tena wodini, tena Jumapili ya pili. "Usimkate kwa mkasi, usimtie mashine. Manyoya yake yakishakufa yanang'olewa kwa vidole, kidogo kidogo, mengine yaote. Umesikia, kijana wangu?" Na mara zote tatu Kinyozi alijibu, "Nimesikia, Mzee." Alisikia, ila moyoni alikataa. Kiumbe aliye hai umng'oe manyoya kwa vidole, kwani ni kuku wa karamu? Miaka kumi na minane mkono wake haujamtia mtu kidonda, aje aanze na mbwa wa mgonjwa?

Alipommaliza yule mpaka rangi, akachukua ule ubao anaoulaza juu ya mikono ya kiti kwa ajili ya watoto, akambeba Msasa, akamketisha, akamfunga kitambaa shingoni. Benchi likapiga makofi. Mashine ikawashwa. Mbwa alitetemeka kidogo, akamtazama Kinyozi kwenye kioo, kisha akatulia, maana alikuwa amemzoea. Manyoya mekundu yakaanguka mafungu mafungu, na chini yake ikatokea ngozi yenye manyoya mafupi mororo, ya rangi ya majivu. Hata ndevu zake zilinyolewa zote. Mwisho Kinyozi akamwogesha kwa sabuni ya wateja, akampaka poda shingoni, na kwa mazoea tu akamnyunyizia manukato. Mbwa akapiga chafya mara sita.

"Haya sasa!" alisema dereva. "Huyo tayari kuposa."

Mama yake Kinyozi, ambaye pale wote walimwita Bibi, alitoka uani na ufagio wake. Aliyafagia yale manyoya taratibu, akayakusanya kwenye mfuko wa karatasi. Alikuwa na kawaida ya kujaza nywele kwenye mito yake midogo ya kuchomekea sindano, kwa sababu sindano ikikaa ndani ya nywele haishiki kutu.

"Mwanangu," alisema akiwa bado ameinama, "mwenyewe si alisema asikatwe?"

"Yataota, mama. Nywele ni nywele."

Bibi akaufunga mfuko, akarudi uani. Hakuwa mtu wa kusema jambo mara mbili.

*

Jumapili asubuhi, walipokuwa wakinywa chai, mkewe alimwambia, "Ukifika tu mwambie. Usingoje aulize."

"Nitamwambia."

"Kabla hajamshika."

"Mama Kadogo, mimi mtoto?"

Kinyozi alivaa shati la pasi, akachukua begi lake la kazi, kwa kuwa kila Jumapili alikwenda kumnyoa Fundi Saa ndevu kitandani, kama alivyomnyoa kila Jumamosi dukani kwa miaka kumi na minane. Kwa mkono mwingine alimshika Msasa kwa kamba. Njia nzima mbwa alijikuna. Alijikuna ubavu, akajikuna tumbo, akajisugua kwenye kuta za watu.

Daktari alikuwa ametoa ruhusa mbwa afike kwenye kibaraza cha nyuma ya wodi, maana mzee alikuwa hali chakula vizuri na alichokuwa akiulizia ni mbwa tu. Walikuta kibaraza kina wagonjwa watano sita wanaota jua, na nesi mmoja ameegemea nguzo. Punde Fundi Saa akaletwa kwenye kiti cha magurudumu, akisukumwa na binti yake, karani wa posta, mwanamke mnyoofu asiye na maneno mengi. Macho ya mzee yote mawili yalikuwa na mtoto wa jicho. Alichokuwa akiona ni mwanga na vivuli. Hata zile saa, miaka miwili ya mwisho alikuwa akizitengeneza kwa vidole tu, na zilitembea.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba. Umekuja naye? Msasa! Njoo, njoo kwa baba."

Gurudumu likalia kwii. Msasa, ambaye hajawahi kuona kiti kinachotembea, akasimamisha masikio, akalivamia lile gurudumu kwa kubweka. Wagonjwa wakacheka. Kinyozi akamvuta. Mzee alinuka dawa na mafuta ya kuchulia, mbwa alinuka poda na manukato, na kila mmoja alimnusa mwenzake asimjue. Msasa akarudi nyuma, akaketi juu ya viatu vya Kinyozi.

"Ana nini leo?" aliuliza mzee. "Hebu mlete hapa mapajani."

Hapo ndipo pa kusema. Kinyozi alilijua hilo, na ulimi alikuwa nao. Lakini nesi alikuwa anatazama, binti anatazama, wagonjwa wote wamegeuza shingo kama watu wanaongoja igizo. Akambeba mbwa, akamweka mapajani mwa mzee.

Mkono wa Fundi Saa ukashuka juu ya mgongo. Ukasimama. Ukaenda mpaka mkiani, ukarudi mpaka shingoni, ukatafuta ndevu, haukuzikuta. Tabasamu lililokuwa usoni likabaki hapo kitambo kidogo bila kazi, kisha likaondoka.

"Kijana wangu," alisema polepole, "umemnyoa huyu?"

Na Kinyozi, mtu mzima, baba wa mtoto, akasikia mdomo wake ukisema, "Hapana, Mzee."

"Hukumtia mashine?"

"Sijamtia."

Fundi wa saa ni mtu wa hesabu: hili likiwa hivi, lile litakuwa vile. Akapapasa mara moja zaidi, akaondoa mkono.

"Basi huyu siye mbwa wangu."

"Mzee, ndiye."

"Hakunyolewa, na manyoya yake ni kama pamba. Msasa akiwa hakunyolewa mgongo wake naujua. Mchukue."

"Baba," alisema binti akiinama kutazama, "hata mimi namwona mwingine. Yule alikuwa mwekundu. Huyu wa majivu." Akanyanyuka, akamtazama Kinyozi uso kwa uso. "Yule mkandarasi mwenye gari jeupe, aliyekuwa akitaka kumnunua Msasa kila siku, alifika kwako?"

Mkandarasi alikuwa amefika kweli, mara mbili, na Kinyozi alimkatalia mara mbili, ya pili kwa ukali. Angeweza kusema. Lakini mtu ambaye ameshasema uongo mmoja, ukweli wake nao unatoka ukichechemea. "Alifika, lakini... mimi si..." Akashindwa kumalizia. Nesi aliyeegemea nguzo akageuza uso pembeni, kama mtu anayemwonea mwenzake haya.

Kinyozi akambeba mbwa kwa mkono mmoja, na kwa kutojua la kufanya akafungua begi lake, akatoa brashi na wembe.

"Leo hapana," alisema Fundi Saa. Hakuwa na hasira, sauti yake ilikuwa ile ile ya kila siku. "Ndevu ziache. Mtu sijui mbwa wangu kampeleka wapi, shingo yangu simpi."

Kiti kikageuzwa. Kwii, kwii, kwii, mpaka mlangoni. Msasa alipousikia mlio ukienda mbali akabweka mara moja tu, tena si kwa ukali.

*

"Ulisema hukumnyoa?" Mkewe alikuwa na kitana mkononi, akabaki nacho hewani. "Baba Kadogo! Watu wanne wamekuona! Mimi nimekuona! Kioo kimekuona!"

"Lilinitoka."

"Likakutoka, ukalisindikiza na lingine." Akaanza kucheka, akajizuia, ikawa sasa ni hasira. "Yaani mtu wa watu amelala hospitali, hana macho, hana mke, ana kimbwa kimoja tu duniani, wewe umemfanya aamini kimeuzwa."

Kinyozi aliketi kwenye kiti chake mwenyewe, kile cha wateja, akajitazama kwenye kioo. Si jambo alilolizoea. Kwa kawaida yeye alisimama nyuma.

Wiki hiyo uvumi ulitambaa. Jumatatu mteja wake wa siku zote alipita mbele ya saluni bila kugeuza uso, akaenda kwa kinyozi wa kona. Jumanne muuza magazeti alimuuliza, kwa utani ambao haukuwa utani, mbwa siku hizi ni bei gani. Dereva wa lori akaja na mkono kiunoni.

"Nasikia wanasema umemuuza. Mimi si nilikuwepo? Niende nikamweleze mzee?"

"Usiende."

"Kwa nini nisiende? Mimi shahidi!"

"Ukienda utamwambia nini? Kwamba nilimnyoa?"

"Ee."

"Na mimi nilimwambia sikumnyoa."

Dereva akafungua mdomo, akafikiri, akaufunga. "Aa," alisema. "Hapo umekaa pabaya, ndugu yangu."

Na mbwa naye hakumwacha apumue. Ngozi ya Msasa haikuzoea jua. Ilimtoka vipele vyekundu mgongoni, akajikuna mpaka pakachubuka. Asubuhi, kukiwa na ubaridi, alitetemeka chini ya benchi. Bibi alikata mkono wa sweta kuukuu, akatoboa matundu ya miguu, akamvisha, na Msasa akatembea nalo kama mzee anayekwenda kuchukua pensheni. Mkewe Kinyozi, ambaye wiki saba alikuwa akilalamika, sasa ndiye aliyempaka mafuta mgongoni kila jioni kwa vidole vyake vya ususi, akimsemesha. "Pole baba. Pole. Walikupendeza bila kukuuliza."

Kutwa nzima Msasa alikuwa akitoroka. Hakwenda mbali. Walimkuta kila mara mlangoni pa duka la Fundi Saa, lililofungwa, akifukua chini ya kizingiti kwa miguu yote miwili, mchanga ukiruka nyuma yake. Kinyozi akamrudisha, akafukia shimo. Baada ya saa moja shimo liko pale pale, tena refu zaidi. Mbwa wa aina ile akishaamua kwamba kitu chake kiko chini ya ardhi, humwambii kitu.

Jumatano adhuhuri Kinyozi alikuwa amepiga magoti anafukia shimo kwa mara ya tano, Msasa kando yake anamtazama kama anayemwona mjinga, na mama yake akaja akasimama nyuma yao.

"Mama," alisema bila kugeuka, "nikienda kumwambia ataniona mwongo."

"Si ndivyo ulivyo?"

Kinyozi akasukumia mchanga shimoni.

"Sasa hivi anakuona mwizi na mwongo," alisema Bibi. "Ukienda, utaondoa kimoja. Kingine utakaa nacho." Kisha akamwekea kitu juu ya bega. Ulikuwa ule mfuko wa karatasi. "Sikuwa nimeyatumia bado. Nilisema labda utayahitaji."

*

Saa kumi, muda wa kuona wagonjwa, Kinyozi alipita mlango wa hospitali na mbwa mwenye sweta. Mlinzi alicheka, akawaruhusu. Hakuvaa shati la pasi safari hii, wala begi la kazi hakubeba.

Kibarazani walikuwepo watu wale wale, na nesi yule yule. Alikuwa ameomba moyoni asiwakute. Fundi Saa alikuwa ameegeshwa pembeni, kidevu kimejaa ndevu nyeupe za siku kumi, mikono mapajani, vidole vikichezacheza kama vinavyotafuta parafujo. Binti alikuwa anamkata kucha.

"Shikamoo, Mzee. Ni Kinyozi."

"Najua ni wewe. Unanuka poda."

"Nimekuja kusema. Nilimnyoa." Alisema kwa sauti ya kawaida, kila mtu akasikia. "Jumamosi ile, mchana, kwa mashine. Uliniambia mara tatu nisimkate, nikamkata. Jumapili ukaniuliza mara mbili, mara zote mbili nikakudanganya."

Mkasi wa kucha ukasimama. Mzee hakugeuka.

"Na nitajuaje kama leo ndiyo unasema kweli?"

Kinyozi akamwekea mfuko mapajani. Fundi Saa akaufungua, akatia mkono. Ule mkono ulipoingia mle ndani, uso wake mzima ulibadilika, ukawa kama uso wa mtu aliyeingia chumbani mwake mwenyewe akakuta kila kitu kipo. Akachukua fungu dogo, akalisugua kati ya kidole gumba na cha shahada. Likakwaruza. Akachagua unyoya mmoja, akaupapasa kutoka ncha hadi ncha.

"Ni yeye," alisema. Kisha, "Umekata. Mwisho wake ni butu. Ungekuwa umeng'oa, huku chini ungekuwa na kijichwa, chembamba, laini."

"Niliogopa kumuumiza, Mzee."

"Lete mkono."

Kinyozi akanyoosha mkono. Mzee akapapasa mpaka akapata nywele ya mkononi, akaishika, akaing'oa ghafla.

"Aii!"

"Hiyo ilikuwa hai." Wagonjwa wakacheka, hata nesi akacheka. Mzee hakucheka. "Yake yakishakufa hayashiki. Unavuta kwa kufuata yanakolala, yanakuja yenyewe, naye analala usingizi. Ukitia mashine, mizizi iliyokufa inabaki ndani, manyoya mapya yanaota mororo, rangi inapotea, maji yanamwingia, jua linamchoma. Yale magumu ndiyo koti lake. Uliona huruma, ukamvua koti."

"Ana vipele," alisema Kinyozi akimvua mbwa sweta na kumpa mzee mkononi. "Mama Kadogo anampaka mafuta."

"Na hiki nilichokishika ni nini?"

"Sweta. Mama ameshona."

Fundi Saa akalipapasa lile sweta, mshono kwa mshono. Msasa alikuwa amesimama mbali kidogo, anaangalia magurudumu kwa jicho la shari, lakini leo kiti hakikwenda, na leo hakukuwa na manukato. Akasogea. Akanusa slipa. Akanusa kiganja kilichokuwa kimetoka mfukoni sasa hivi, kikinuka manyoya yake mwenyewe, akakinusa kwa muda mrefu, mbele na nyuma na katikati ya vidole. Kisha akapandisha miguu ya mbele juu ya paja lile lisiloumia, akalaza kidevu chake, akashusha pumzi kama mzigo.

"Mwanaharamu wewe," mzee alimwambia mbwa kwa sauti ya chini, "ulinibwekea."

Binti akageuka upande, akawa anatafuta kitu kwenye mkoba wake, na hakukipata upesi. Alipotulia akamwambia Kinyozi, "Kaka, nilikusema vibaya juu ya yule mkandarasi."

"Ulikuwa na haki, dada. Nilikupa sababu."

Walikaa hivyo mpaka kengele ya kuondoka wageni. Kinyozi akasimama, akakohoa. "Mzee, Jumapili nije na begi? Ndevu zimekuwa nyingi."

Fundi Saa alifikiri. Mkono wake ulikuwa bado juu ya kichwa cha Msasa.

"Hapana," alisema. "Mbwa nimempata. Wewe bado."

*

Mzee alirudi dukani kwake mwezi uliofuata, akitembea kwa fimbo, na ndevu zimemjaa uso mzima. Watu walicheka vya kutosha. Mtu amepakana na saluni, katikati kuna duka la viatu tu, na ana ndevu kama mtu aliyepotea porini! Waliopenda kuchokoza walimuuliza Kinyozi, "Jirani yako humwoni?" Kinyozi alijibu, "Namwona," akaendelea na kazi.

Walikubaliana bila kuandikiana. Msasa analala kwa mwenyewe, lakini kila Jumamosi asubuhi, kabla ya wateja, analetwa saluni. Kinyozi anaketi kizingitini kwenye kigoda, mbwa kati ya magoti yake, anang'oa. Mwanzo vidole vilikuwa vizito. Alishika mengi mno, akavuta kwa kupinda, Msasa akamgeukia akamwonyesha meno, bila kuuma, ila kumpa habari. Mkewe alimtazama siku mbili, siku ya tatu akamsukuma. "Sogea. Kunyoa ndiyo kazi yako, hii ni yangu." Vidole vya msusi vinajua kutenga unywele mmoja na mwenzake. Alimwonyesha: shika ngozi kwa mkono wa kushoto, machache tu, fuata yanakolala, usipinde kiwiko. Kinyozi akajifunza upya, umri wake huo, kama mwanafunzi.

Manyoya ya kwanza yaliota mororo kama mzee alivyosema, ya majivu, yasiyofaa. Yakang'olewa. Ya pili yakaota na wekundu kidogo mgongoni. Nayo, yalipokufa, yakang'olewa. Vipele vilikwisha. Sweta Msasa alilichana mwenyewe siku alipomfuata panya chini ya mbao za duka la viatu, akatoka naye mdomoni, na mwenye viatu akamletea mfupa.

Kila Jumamosi ilipomalizika kazi, Fundi Saa alikuja na fimbo yake. Aliinama, akapitisha kiganja kutoka shingoni hadi mkiani. "Bado," anasema, anaondoka na mbwa wake. Jumamosi inayofuata, "Bado." Dereva wa lori alianza kumwita Mzee Bado, kwa siri, na benchi zima likawa linangoja neno hilo kila wiki ili licheke.

Ilikuwa Jumamosi moja, mwezi wa saba tangu mbwa aliponyolewa. Benchi limejaa. Mpaka rangi yuko kitini, amekwisha, anajifuta shingo. Kinyozi alikuwa amemaliza mbwa tangu asubuhi, na Msasa amejilaza kizingitini, kila anayeingia anamruka. Fundi Saa akafika, fimbo ikagusa ubavu wa mbwa, akasimama. Akainama kwa shida, kwa ile nyonga, akapitisha kiganja.

Mgongoni mkono haukusimama. Ubavuni haukusimama. Ulipofika nyuma ya shingo, ukasimama, ukarudi. Hapo palikuwa na sehemu ndogo, pana kama kifuniko cha saa ya mkononi, imeota ngumu, kavu, nyekundu. Mzee akaisugua kwa kidole gumba. Ikakwaruza. Benchi zima lilikuwa likingoja neno lake.

Hakusema "Bado." Alimruka Msasa, akaja akipapasa mpaka akaushika mgongo wa kiti. Mpaka rangi akaondoka haraka. Fundi Saa akaketi, akaisimamisha fimbo ukutani, na Kinyozi akaenda kunawa, akanawa kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Akamfunga kitambaa. Akakata ndevu kwa mkasi, akatia povu kidevuni, akafungua wembe mpya.

Mzee akaegemeza kichwa nyuma, akayafumba macho yake, akamwachia shingo.